Moraa Hakai Kitako

Ukitaka kumjua Moraa, mwalike kwako halafu mpe kiti. Atakishukuru kile kiti, atakisifu, pengine hata atakifuta vumbi, lakini kukikalia? Wapi! Kabla hujageuka ameshaingia jikoni kwako, amejifunga kitambaa kiunoni, anasugua sufuria ambazo hukumwomba azisugue. Sisi wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, Wakenya Wakatoliki tunaokutana kila Jumamosi nyumba kwa nyumba hapa Birmingham, tumeshazoea kusali rozari pamoja na mlio wa vijiko. "Salamu Maria" inaanzia sebuleni, "Mtakatifu Maria" inajibiwa kutoka kwenye sinki. Mzee Bethuel, mwenyekiti wetu, ndiye aliyembandika jina la Kiguu na Njia. Moraa mwenyewe alicheka tu, akaendelea kusuuza.

Watu walidhani ni uchapakazi. Anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Harborne, na kazi ile usipokuwa mwepesi wa miguu hudumu nayo. Lakini mimi nakwambia haukuwa uchapakazi. Ilikuwa hofu. Moraa alikuwa na neno lake na Mungu, alilitamka kwa kinywa chake mwenyewe na hakulitimiza, na kila alipojaribu kukaa neno lile lilimwinua.

Lilianza Derrick alipokuwa na miaka kumi na tisa. Derrick ndiye mwanawe wa pekee, kazaliwa hapa hapa, kalelewa Washwood Heath katika nyumba ya matofali mekundu, mama na mwana basi. Kiswahili anakielewa chote, hata kile cha kusengenyana, ila majibu yake ni Kiingereza kitupu. Akaota uvimbe shingoni, madaktari wakasema ni saratani ya tezi, akalazwa. Miezi ile yote Moraa hakukaa kando ya kitanda cha mwanawe kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Alileta uji, akaondoka kwenda kuosha chupa ya uji. Alikunja blanketi, akatoka kumtafuta nesi, akarudi, akafungua dirisha, akalifunga, akatoka tena kwenda kusali koridoni.

Na kwenye ile korido kulikuwa na picha ukutani. Kisiwa chenye nundu kama ng'ombe aliyelala, bahari imekizunguka, na chini yake maandishi kwamba hapo zamani mahujaji walikuwa wakikiendea kwa miguu. Siku damu ya Derrick ilipokuwa mbaya kuliko siku zote, Moraa alisimama mbele ya picha hiyo akasema kwa sauti, asikie wa kusikia: "Mungu wangu, ukiniachia huyu mtoto, nitakwenda pale kwa miguu yangu, peke yangu, mpaka niukanyage ule udongo."

Kwanza aliweka nadhiri, ndipo akauliza kisiwa chenyewe kiko wapi. Ndivyo alivyo. Mfagiaji mmoja wa hospitali akamwambia kinaitwa Bardsey, kiko kwenye ncha ya Wales, na njia yenyewe inaanzia kwenye kisima kitakatifu cha Holywell, wiki mbili za milima na mvua. Moraa akashika kichwa. Woi! Lakini alikuwa ameshasema.

Derrick akapona. Nywele zikaota upya, akapata kazi ghalani, akaanza tena kumaliza chapati kabla hazijapoa. Na Moraa je? Mwaka wa kwanza alisema mwakani. Mwaka wa pili shifti zilikuwa nyingi. Wa tatu akasingizia magoti, magoti hayo hayo aliyopandia ngazi za watu mchana kutwa. Miaka ikaenda, naye akazidi kuosha vyombo vya jumuiya.

Halafu mwaka huu, mwezi wa tatu, Derrick alikuwa jikoni anamenya chungwa. Akasema kwa Kiingereza chake cha Birmingham, polepole, kama anayetoa habari ya gari lililopata pancha, "Mama, nimegusa kitu tena hapa." Akaonyesha shingo.

Usiniulize Moraa alilia vipi. Hakulia. Alisafisha jiko zima, ndani na nyuma, mpaka Derrick akamaliza chungwa na kwenda kulala. Na alipokuwa amepiga magoti pale sakafuni na sifongo mkononi, akakata kauli. Mungu amenikumbuka. Mungu amekuja kunidai kile nilichomwahidi. Nikikikanyaga kisiwa kabla ya majibu ya hospitali, mtoto atapona. Nisipokikanyaga, basi mimi ndiye niliyemuua. Hivyo ndivyo alivyojiambia, neno kwa neno, na hakumshirikisha mtu, Derrick mwenyewe akiwa wa kwanza kufichwa.

Akaanza kujiandaa. Kirandeep, mwenzake wa kazini ambaye likizo zake zote huishia milimani, akamsindikiza kununua buti, akamfundisha kuvaa soksi mbili mbili ili asitoke malengelenge. "Sasa pakia begi uzito utembee nalo," Kirandeep akamwambia, "mgongo uzoee." Uzito gani? Kirandeep alikuwa na maana ya chupa za maji au vitabu. Moraa alipakia unga wa ugali. Asubuhi ungemwona anatoka Washwood Heath na pakiti za unga mgongoni, anakwenda kazini Harborne kwa miguu, mabasi yanampita. Siku za mapumziko alizunguka mpaka Moseley na kurudi, unga huo huo mgongoni, watu waliokuwa wakinywa kahawa vibarazani wanamwangalia. Jirani yake Tarsem, mzee wa Kipunjabi asiyekosa dirishani, alivumilia, alivumilia, mwisho akatoka nje.

"Mama Derrick, kila siku unampelekea nani unga?"

"Simpelekei mtu. Nafanya mazoezi."

"Kama unauza sema tu, tuelewane. Mke wangu anataka pakiti moja."

Moraa akampa, bure, ili apite. Kisha njia nzima akawa anajilaumu kwamba amepunguza mzigo, kwamba anamdanganya Mungu mchana kweupe.

Derrick akaitwa kupigwa picha kwenye ile mashine kubwa. Wakamwambia majibu yatachukua kama wiki tatu, ataarifiwa. Wiki ile ile Moraa akamwambia anakwenda kuhiji Wales, likizo amepewa. "Nenda, Mama," Derrick akasema. "Hapa hakuna cha kufanya, ni kungoja tu." Kungoja! Neno lenyewe lilimwasha nyayo.

Sasa tuje kwenye aibu yetu sisi wa jumuiya. Kwetu Kenya, mtu akienda kuhiji, hasafiri na maombi yake peke yake, anasafiri na chupa za watu. Waendao Subukia hurudi na madumu ya maji ya chemchemi, kila mtu ukoo mzima umemtuma. Maji yako mwisho wa safari, basi liko mlangoni, unapakia unarudi. Kwa hiyo tulipomuaga Moraa nyumbani kwa Brigid, mwanajumuiya mwenzetu ambaye ni nesi, kila mtu alikuja na chombo chake. Brigid alileta kichupa chenye umbo la Bikira Maria, kifuniko chake taji la buluu. Wengine wakaleta chupa za soda. Mzee Bethuel akaleta dumu.

"Mzee, dumu!" Brigid akasema.

"Mguu wangu mnaujua unavyoniuma. Mguu mzima haulowi kwa kichupa."

Hakuna hata mmoja aliyefungua ramani, na msimulizi wako ni mmoja wao. Kisima kiko Holywell. Na Holywell, kama yule mfagiaji alivyosema zamani, ndiko njia inakoanzia.

Moraa aliligundua jambo hilo akiwa kisimani penyewe, amechuchumaa mbele ya bomba, kichupa cha kwanza kimejaa. Mama mmoja mlinzi wa mahali pale akamuuliza kwa upole, "Unamaliza safari au unaanza?"

"Naanza."

Yule mama akalitazama dumu, akazitazama chupa za soda, akamtazama na Bikira Maria mwenye taji la buluu. Akasema wengi hupenda kuanza wepesi. Akamwambia angeweza kumhifadhia zile chupa chumbani kwake, azipitie siku ya kurudi, hata ziwe mwezi mzima. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekubali. Moraa akafikiri, huyu mama ametumwa kunijaribu. Nilimpa Tarsem unga nikapunguza mzigo, na leo tena? Akajaza zote. Akajaza mpaka dumu la Bethuel. Alipolinyanyua begi, lilimyumbisha pale pale mbele ya sanamu ya mtakatifu.

Basi hivyo ndivyo Kiguu na Njia alivyoivuka Wales, amebeba maji katika nchi ambayo mvua haikatiki. Alipanda nyika za milimani, ukungu umeshuka mpaka magotini, kondoo wanamkodolea macho. Kule nyua za mashamba huvukwa kwa vingazi vya mbao, na kila kingazi begi lilimvuta nyuma, akawa anapanda kinyumenyume akimtaja Bethuel kwa majina ambayo siyaandiki hapa. Mchana mmoja wa jua koo lilimkauka kabisa, akabisha mlango wa shamba kuomba maji ya kunywa. Mkulima akamletea glasi. Kisha akasikia kitu kinachezacheza ndani ya begi.

"Na hicho ni nini?"

"Maji," Moraa akasema.

Yule mkulima hakuuliza la pili. Maji ya watu hayanywewi, hata ufe.

Alitembea haraka mno. Mahujaji wengine aliokutana nao kwenye mabweni walimwona jioni tu. Njia ile ina mabenchi, kila penye mandhari nzuri benchi, lenye jina la marehemu aliyependa kukaa pale, na Moraa hakulikalia hata moja. Mkate aliula akitembea. Malengelenge yakatoka soksi mbili zisifue dafu, akayatoboa, akayafunga, akaendelea. Kila alipofika juu ya kilima alitoa simu kutafuta mtandao. Umekula? alimwandikia Derrick. Nimekula, Derrick alijibu. Hawajapiga? Hawajapiga. Anarudisha simu mfukoni, anaongeza mwendo, maana kutopiga kwao kulikuwa nafasi aliyopewa na huenda ikakatika wakati wowote. Katika kanisa moja la kale la Clynnog, mzee mwenye funguo alimwambia, "Keti upumzike, hapa watu wamekuwa wakipumzika tangu enzi na enzi." Moraa akamuuliza ufagio uko wapi. Akafagia ukumbi wa kanisa la watu, akaenda zake.

Hatimaye akafika Aberdaron, kijiji cha mwisho, na kutoka kilimani akakiona kisiwa chake. Kile kile cha koridoni. Ng'ombe yule yule amelala. Hapo machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Kilichobaki ni mashua tu, mwendo wa nusu saa.

Mwenye mashua, jitu lenye ndevu na maneno machache, akatikisa kichwa. Upepo. Bahari kati ya nchi kavu na kisiwa imechafuka, hakuna anayevuka.

"Kesho?"

"Labda."

Kesho yake ikawa labda, na iliyofuata pia. Ebo! Moraa alitaka kumpiga mtu. Ametembea nchi nzima, sasa amefika mlangoni anaambiwa asubiri, na kusubiri ndicho kitu kimoja ambacho hawezi. Akawa anaupanda ufuo na kuushuka, toka jiwe hili mpaka lile, mpaka wenye mbwa wakaanza kumsalimia kwa jina. Alisali akitembea. Aligombana na upepo kwa Kikisii. Na kila alipogeuka, kisiwa kilikuwa pale pale kinamwangalia.

Siku moja adhuhuri mwenye mashua akamfuata mwenyewe ufuoni. "Kesho asubuhi itatulia," akasema. "Njoo mapema. Jioni nitakurudisha."

Moraa alipiga kigelegele ambacho ufuo ule haujawahi kukisikia. Akamshika yule jitu mikono yote miwili, akamwita baba, akamwita malaika. Hakuwa amefika hata nusu ya njia ya kurudi bwenini, simu ikalia.

"Mama," Derrick akasema kwa Kiingereza, "wamepiga. Wanataka niende kesho mchana."

"Kesho? Si walisema wiki tatu?"

"Wameiwahisha miadi. Usijali. Maliza safari yako, mimi nitakupigia nikitoka."

Kazi ya hospitali Moraa anaijua kiasi cha kutosha. Wakiiwahisha, haiwi kwa habari njema. Hata hapo hakukaa, alishika ukuta wa mawe. Asubuhi mashua, mchana Birmingham. Haiwezekani. Ni kimoja au kingine. Na hapo, kwa woga mtupu, maneno yote aliyoyaficha yakamwagika. Akamwambia mwanawe habari za picha ya koridoni, nadhiri, miaka ya kuahirisha. Akamwambia, "Kesho asubuhi ndiyo nakanyaga, Derrick. Nikikanyaga utapona. Unaelewa? Siwezi kurudi sasa, nitakuwa nimekuua."

Akaitoa simu sikioni kuitazama. Akadhani mtandao umekatika.

"Mimi nilikuwa nakusikia ukitembea," Derrick akasema. Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayekumbuka hali ya hewa ya zamani. "Kule koridoni. Nilijua ni wewe kwa viatu. Nilikuwa nalala pale nafikiri, sasa anakuja, sasa anaingia. Halafu viatu vinageuka."

Moraa akayatazama matope kwenye buti zake.

"Mama," Derrick akaita. Na yule kijana ambaye tangu anajua kusema hajawahi kumjibu mama yake kwa Kiswahili hata aombwe na padre, akasema, maneno yanagongana, "Mama, kuja. Kuja ukae na mimi. Tu."

Nitakwambia ukweli, Moraa alikasirika. Hakumkasirikia mtoto. Alirudi mpaka kwenye maji, mawimbi yanamlowesha buti, akamkasirikia Mungu waziwazi. "Nimekuja au sikuja?" akamwambia. "Kisiwa si kile pale? Nimekibebea maji ya Bethuel, nimefagia nyumba yako, umenifungia bahari siku zote hizi, halafu unaifungua kesho? Kesho! Sasa sikiliza. Mtoto ameniita kwa mdomo wake. Ninakwenda kwa mtoto. Ukiwa na neno, uniulize mimi, nipo, lakini yeye mwache." Alipomaliza alijifunika mdomo kwa kiganja, maana alikuwa anaamini kila neno alilosema, na aliamini pia kwamba huenda anamwua mwanawe.

Akaenda akamwambia mwenye mashua asimngoje.

Asubuhi alipanda basi la kwanza kwenda Pwllheli, na kutoka Pwllheli gari moshi. Reli ile inapita kando ya bahari kwa saa nzima na zaidi. Na bahari, ukiiona! Ilitulia kama maji ya karai. Wakati huo mashua ilikuwa imeshavuka na watu wake. Moraa aliitazama dirishani, moyo unamchoma, na kwa kuwa gari moshi halisukumwi kwa miguu, ilimbidi akae. Alikaa toka Wales mpaka stesheni ya New Street, Birmingham, begi la maji mapajani, mikono haina la kufanya. Alisema baadaye kwamba milima yote aliyoipanda haikumchosha kama kile kiti.

Derrick alikuwa kliniki tayari, kajikunyata kwenye kona, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alipomwona mama yake mlangoni na buti za matope, aliinuka akampokea begi, nusura limwangushe.

"Umebeba nini, mawe?"

"Maji ya watu."

"Umetembea nayo yote? Njia nzima?"

"Kisima kiko mwanzo," Moraa akasema. "Hatukuangalia ramani."

Derrick akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajifuta macho, mpaka watu wa pale kliniki, ambao hakuna aliyekuja kucheka, wakaanza kutabasamu. Na Moraa akakaa. Akakaa karibu naye, bega kwa bega. Visigino vilikuwa vinapigapiga sakafu vyenyewe, aliona bango limekaa upande akatamani kulinyoosha, akaona kikombe kitupu chini ya kiti akatamani kukiokota. Akakiacha. Jina la Derrick lilipoitwa, Moraa wa zamani angekuwa mlangoni kabla ya mwenye jina. Safari hii alingoja Derrick ainuke, akamfuata.

Daktari, Bhavini jina lake, hakuzunguka. Ugonjwa umerudi. Ni mdogo, umewahiwa, una dawa, na dawa itaanza wiki ijayo. Akageuza kompyuta awaonyeshe picha, doa dogo jeupe pale shingoni. Moraa halitazami doa. Anatazama tarehe iliyoandikwa pembeni. Picha zilipigwa kabla hajapanda kingazi hata kimoja, kabla ya kisima, kabla ya dumu. Doa lilikuwa pale wakati yeye anafunga kamba za buti. Mashua isingelifuta, wala basi la asubuhi halikulileta. Alijiona mjinga wa mwisho, na papo hapo akapata nafuu kubwa hata akaona haya kuipata mbele ya habari kama ile.

Mkono wa Derrick ulikuwa gotini, umekunjwa ngumi. Palikuwa na sanduku la karatasi za kupangusia machozi mezani kwa daktari, palikuwa na bomba la maji nje, palikuwa na Brigid wa kupigiwa simu. Kulikuwa na mambo mengi ya kuinukia. Moraa akaushika ule mkono akabaki kwenye kiti.

Jumamosi iliyofuata tuligawana maji. Bethuel akalipokea dumu lake, kisha akakunja uso.

"Lakini kisiwani hukufika. Kwa hiyo haya ni maji ya mwanzoni tu?"

"Ni ya mwanzoni, Mzee."

"Na nadhiri?"

"Kisiwa hakijahama," Moraa akasema. "Tutakwenda. Mwenye mashua ananijua." Bethuel akaguna, lakini ule mguu aliusugua na maji yale mpaka dumu likaisha, na bado anatuambia unauma.

Kemo, ile dawa ya saratani, ilianza. Ni wodi ile ile, na korido ni ile ile, na picha bado iko ukutani, nimeiona kwa macho yangu nilipokwenda kumtembelea. Kando ya kitanda kuna kiti cha plastiki cha kijivu, kigumu, hakina hata mto. Dripu hudondoka saa nyingi. Siku ya kwanza Derrick alisinzia, akafumbua macho, akamwona mama yake pale pale, magoti yanacheza, vidole vinakunjua na kukunja upindo wa blanketi.

"Mama," akasema kwa Kiingereza, kwa huruma kabisa, "kama unataka, nenda ukatembee kidogo. Mimi niko sawa."

"Nimeshatembea, baba," Moraa akasema, akasogeza kiti karibu.